UZI: Kambi ya ndege ya Islii, tusiikumbuke kwa ile Jumapili moja tu

Mwana wa Islii

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimekaa nao moyoni miaka mingi, na ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aisogeze karibu.

Nimezaliwa na kulelewa Islii, yaani Eastleigh ya Nairobi, Section Three. Tulikaa orofa ya tatu, na mama alikuwa anaanika nguo juu ya paa. Kutoka pale paani uliiona kambi yote: ukuta, seng'enge, nyasi zilizofyekwa zikalala kama zulia, na katikati ile njia ya lami ya kurukia ndege. Asubuhi zilitoka ndege ndogo za mafunzo, Bulldog, zikazunguka, zikagusa lami, zikapaa, zikazunguka tena. Tulikuwa tunazihesabu mimi na dada yangu, na ikipita kumi tunajua leo kuna mwanafunzi anayesumbua mwalimu. Ikipaa Buffalo, ndege kubwa ya mizigo, vikombe vililia kabatini na mama alishikilia kamba kwa mkono mmoja mpaka mvumo upite.

Sasa muulize mtu yeyote Nairobi kuhusu kambi hiyo. Atakutajia Agosti 1, 1982, siku askari wa anga walipojaribu kupindua serikali, kisha anyamaze. Kana kwamba kambi ilizaliwa alfajiri ya Jumapili ile na jioni yake ikazikwa. Naona hapo tunajidhulumu wenyewe. Lami ile imebeba vita, abiria, mabomu, magunia ya chakula, uasi na shule, na kila zamu imeacha watu waliobarikiwa au kuumizwa nayo. Nataka tuyaweke yote hapa, siyo ile siku moja.

Nianze mwanzo. Uwanja ulikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, na Julai waliitwaa Moyale. Nairobi ikawa mgongo wa vita vya kaskazini, ndege na marubani wengi wakitoka Afrika Kusini.

Vita vilipoisha, lango likafunguliwa kwa raia. East African Airways ilianza 1946 ikiwa na vijindege vya Dragon Rapide, na Eastleigh ndiyo ilikuwa nyumbani kwake. Uwanja wa ndege wa Wilson ulikuwepo tangu 1929, lakini mgeni wa kutoka ng'ambo alikuwa anashukia Islii. Februari 1, 1952, Binti Mfalme Elizabeth alishuka hapo na mumewe. Siku tano baadaye babake alifariki, akawa malkia akiwa bado nchini mwetu.

Mwaka huo huo, Oktoba 20, ikatangazwa Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Hapa ndipo naomba tusipite mbio.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Tetu, Nyeri, chini kabisa ya msitu wa Nyandarua. Yeye aligawa ndege za wazungu mafungu matatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye kelele kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Hizo zilikuwa Harvard, ziliruka kutoka Mweiga karibu na kwao, zikiwa na vibomu vya ratili 20. Ya pili ilikuwa kubwa, yenye injini nne, hukuisikia kwa masikio kwanza, uliisikia kifuani. Hizo ni Lincoln, na hizo zilitoka kwetu Islii, tangu mwisho wa 1953 hadi 1955, zikibeba mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Nyanya alisema ardhi ilikuwa inatikisika hadi maziwa kwenye kibuyu yanacheza. Mabomu mengi yaliishia kwenye miti na wanyama, na tembo au nyati aliyejeruhiwa alikuwa hatari kwa kila aliyeingia msituni, awe askari au mpiganaji.

Lakini fungu la tatu ndilo lililomtisha hadi uzeeni. Ndege iliyosema. Ilikuwa na vipaza sauti, ikizunguka juu ya msitu ikiwaita wapiganaji wajisalimishe, kwa Gikuyu safi. Alisema: bomu unajua ni la adui, lakini hiyo sauti ilikuwa ya mtu wa kwetu. Alikuwa akifika hapo anaacha kusimulia, anainuka kuchochea moto hata kama hauhitaji kuchochewa.

Aprili 24, 1954 ikaja Operesheni Anvil. Nairobi ilizingirwa, mitaa ya mashariki ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Waliozuiliwa wakafanyishwa kazi ya kujenga uwanja mpya wa ndege kule Embakasi, ambao leo ni JKIA. Uwanja huo ulipofunguliwa 1958, abiria wote wakahama Islii. Kwa hiyo Islii ilirudi kuwa kambi tupu ya jeshi kwa jasho la watu ambao baadhi yao walizolewa mitaa ya jirani yake. Kila nikipanda ndege pale JKIA jambo hili hunijia, na sitaki linitoke.

Baada ya hapo kambi ikawa mkono mrefu wa Uingereza. Kuwait ilipata uhuru Juni 1961, Iraq ikadai ni sehemu yake, na ndege za kivita aina ya Hunter zilizokuwa Islii zikapelekwa Ghuba haraka pamoja na wanajeshi waliokuwa Kenya. Mwisho wa mwaka huo huo, baada ya ukame, mvua ilinyesha hadi mito ikapasua kingo, na ndege za mizigo aina ya Beverley, mabehewa yenye mabawa yale, zikatoka uwanja huo huo kwenda kudondosha chakula kwa watu waliokatiwa njia. Januari 1964 askari waliasi kambi ya Colito kule Dar, halafu Jinja, halafu Lanet karibu na Nakuru. Waingereza waliokwenda kuzima uasi wa Jinja walisafirishwa kwa ndege kutoka Kenya hadi Entebbe.

Juni 1, 1964 likaundwa Jeshi la Anga la Kenya. Ndege za kwanza zilikuwa Chipmunk, za kufundishia. Nchi changa, marubani wachanga, walimu Waingereza.

Niishie hapo kwanza. Mwenye lake aseme.

Mrima wa Kariakoo

Mkuu shikamoo kama umenizidi umri. Nimesoma mpaka mwisho.

Mimi ni wa Dar. Marehemu baba alikuwa fundi wa injini wa East African Airways. Kabla ya Embakasi kufunguliwa alipelekwa Nairobi kwenye mafunzo, hapo hapo Eastleigh. Tulikuwa na picha yake amesimama chini ya bawa la Dakota, ovaroli jeupe, bisibisi mfukoni, anacheka. Alikuwa anasema karakana ile ilikuwa na Mganda, Mkenya, Mtanganyika, Mhindi na Mwingereza, na ndege ikikwama hakuna aliyeuliza umetoka wapi, waliuliza spana namba ngapi.

Shirika lilipovunjika mapema 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa Februari, mzee alikaa nyumbani wiki nzima hajavaa viatu. Sijawahi kumwona vile kabla wala baada. Kwa hiyo kwangu mimi Eastleigh ni mahali ambapo Afrika Mashariki iliwahi kufanya kazi pamoja kwa mikono. Nashukuru umeliandika hilo, watu wengi hawajui.

Na hiyo 1982 sisi huku tunaikumbuka kwa upande mwingine. Jaribio liliposhindikana, Ochuka, kiongozi wa waasi, na mwenzake Oteyo Okumu walikimbia na Buffalo ya jeshi wakatua Dar. Walipewa hifadhi. Novemba 1983, mipaka ilipofunguliwa, walirudishwa Kenya, na Kenya ikarudisha waliotuhumiwa kutaka kumpindua Mwalimu. Ochuka na Okumu walinyongwa gereza la Kamiti 1987.

Mwana wa Islii

Marahaba, ingawa huenda tuko rika moja. Hiyo picha ya mzee, tafadhali kama ipo iweke hapa. Naomba kwa dhati. Za watawala wakishuka ngazi za ndege zimejaa kila mahali, za mafundi ni chache mno.

Binti wa Nanyuki

Ndugu, umetusahau sisi wa mlimani. Historia ya Islii bila Nanyuki ni nusu ya historia.

Malkia uliyemtaja aliingilia kwenu akatokea kwetu. Februari 6, 1952 alitoka Sagana kwa gari hadi uwanja wa Nanyuki, akapanda Dakota ya hao hao East African Airways hadi Entebbe, ndipo akachukua ndege ya kurudi London. Na miaka ya 1970 ndege za kivita zilihamishiwa kwetu, Islii ikabaki na mafunzo na usafirishaji. Tangu hapo kambi yetu, leo inaitwa Laikipia Air Base, ndiyo yenye mngurumo. F-5 zilipoanza kuja mwishoni mwa muongo ule, kuku waliacha kutaga, hilo bibi zetu waliapa.

Kuhusu 1982, jambo moja lisemwe wazi. Waasi waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki warushe ndege za kivita wakapige Nairobi, Ikulu ikiwemo. Marubani wale waliruka, halafu wakaenda kutupa mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Fikiria uamuzi huo, umeketi kwenye chombo cha kasi kama ile, una bunduki mgongoni. Laiti wangetii, Nairobi ingekuwa na makaburi ambayo hatuwezi kuyahesabu. Nasikia uchungu kwamba majina ya waasi watoto wanayajua na ya marubani wale hawayajui.

Mzee wa Pumwani

Vijana hamjambo. Mwanangu ameniwekea uzi huu kwenye simu, nimeomba anisaidie kuandika.

Mwana wa Islii, una haki kusema tusiikumbuke siku moja tu. Lakini usituharakishe kuipita, sisi tuliokuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi duka la vitambaa Islii, naishi Pumwani. Risasi zilianza usiku, kabla ya adhana ya alfajiri. Tulidhani majambazi. Halafu redioni tukasikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, akisema serikali imepinduliwa. Sauti tuliyoizoea kwa mpira na vipindi vya Jumapili. Baadaye tulijua walimtoa nyumbani kwake na kumlazimisha kusoma. Mchana sauti ikawa ile ile, ikisema serikali ya Nyayo, yaani ya Rais Moi, ingali madarakani. Watu walikuwa wamekwisha kuingia madukani. Duka nililofanyia kazi walibeba hata mkasi na rula ya kupimia.

Jumatatu asubuhi nilipita kando ya Mto Nairobi. Kwenye mtaro kulikuwa na shati la askari wa anga, rangi ya buluu inayofifia, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Aliyelivua hakulitupa kwa haraka. Alilikunja kama anayetarajia kulirudia. Nimeona maiti siku zile, lakini shati lile ndilo ninaloliota.

Ninalotaka kusema ni hili. Jirani yetu alikuwa mpishi kambini. Mpishi, siyo rubani wala mpiga bunduki. Jeshi lote la anga lilivunjwa, wakakamatwa zaidi ya elfu mbili, wapishi, makarani, mafundi. Alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, kazi hana, barua ya kumsafisha hana. Aliuza uji na mandazi mpaka alipofariki, na hakupita tena barabara ya kambi, alizunguka hata mvua ikinyesha. Kamanda wao mwenyewe, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne, na ilichukua miongo mpaka mahakama zikamwamulia fidia. Wengine pia walikwenda mahakamani wakapata haki. Yule jirani hakuwa na nauli ya kwenda kwa wakili.

Mwana wa Islii

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Nisamehe kama maneno yangu yalionekana kuifunika siku ile. Nilimaanisha kwamba mpishi wako naye amefunikwa nayo. Tunakumbuka risasi na redio, hatumkumbuki yeye.

Nikiendelea kutoka hapo: kwa miaka kumi na miwili jeshi lilinyang'anywa hata jina. Likaitwa "82 Air Force", chini ya Mahmoud Mohamed, yule aliyeongoza wanajeshi waliozima jaribio, ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi. Jina la Jeshi la Anga la Kenya lilirudishwa 1994. Kambi yetu leo ni Moi Air Base, makao makuu ya jeshi hilo. Jambo ambalo huwa nalifikiria: Francis Ogolla alijiunga na jeshi 1984, wakati ambapo kuvaa sare ile mitaani kulimfanya mtu ainamishe kichwa. Akawa rubani, akawa kamanda wa jeshi la anga, akawa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, mpaka ajali ya helikopta ilipomchukua Aprili 18, 2024 kule Elgeyo Marakwet. Mtu alianza safari katika jeshi lisilo na jina.

Na kazi za kambi ziligeuka tena. Utotoni kwangu miaka ya 90 tuliona mafunzo na mizigo. Ndege za Y-12 za Kichina zilikuja 1997. Moja ya aina hiyo ndiyo iliyoanguka Marsabit Aprili 10, 2006, ikiwa imebeba wabunge na viongozi wa dini waliokwenda kupatanisha jamii baada ya mauaji ya Turbi. Watu 14 walikufa, akiwemo Bonaya Godana. Ndege ya jeshi, abiria wa amani. Nilikuwa nimesoma magazeti mengi kabla ya hapo lakini siku ile baba alizima redio na hakuna aliyemwomba aiwashe.

Buffalo zimezeeka, sasa kuna C-27J Spartan. Bulldog zimepisha Grob. Vikombe vya mama bado vinalia, mlio tu ndio umebadilika.

Kamba Mbili

Wakuu, historia ni tamu lakini tuseme ukweli. Kambi hiyo iko katikati ya jiji. Upande mmoja Mathare, upande mwingine Kiambiu, mbele Islii yenye maghorofa yanayopanda kila mwezi. Watoto wako darasani ndege zinapita juu ya bati. Ihamishwe nje ya mji, ardhi ijengwe nyumba za watu. Nanyuki kuna nafasi.

Mwana wa Islii

Hoja yako nzito na sina dharau nayo. Nimesoma shule ambapo mwalimu alisimamisha somo mpaka ndege ipite. Hata hayo maghorofa ni tatizo la pande mbili, maana aliye karibu na uwanja wa ndege anatakiwa apate kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu urefu wa jengo, na sote tunajua mtaani kwetu watu hujenga kwanza.

Ila nikuulize. Hiyo ardhi ikitoka mikononi mwa jeshi, wewe unaamini itaishia kwa mtu wa Kiambiu? Mimi siamini. Nimeona viwanja vya kuchezea vya utoto wangu vikimezwa kimoja kimoja na kuta za mawe. Ukuta wa kambi ndio ukuta pekee uliobaki pale pale tangu nikiwa mdogo. Na mafuriko yakija, kama ya Aprili 2024 pale Mathare, ndege za msaada zikiwa mjini zinafika mapema. Kama kuna kitu ningeomba kambi ifanye, ni kufungua lango siku moja kwa mwaka, wazee kama huyu wa Pumwani waingie, waonyeshwe mahali ambapo karakana ya East African Airways ilikuwa, na majina ya waliokamatwa bure 1982 yaandikwe mahali. Familia ya yule mpishi ingeingia pia.

Binti wa Nanyuki

Hata sisi tungependa hivyo. Na marubani wale watatu waliotupa mabomu msituni.

Mto Tana

Nimechelewa kuuona uzi. Niko Garsen.

Hiyo mvua ya 1961 uliyoitaja kwa mistari miwili, kwetu ndiyo kalenda. Watu huhesabu umri kwa hiyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mimba ya shangazi. Mto ulikula mashamba, wakapanda kwenye kichuguu, familia nne na mbuzi saba. Ndege ilikuja siku ya tisa, kwa maneno yake. Walikimbilia majini kujificha kwa sababu walikuwa wamesikia habari za ndege zinazotupa mabomu kule kwa Wakikuyu. Ikafungua mlango wa nyuma, magunia yakaanguka. Walisubiri yalipuke. Hayakulipuka. Babu ndiye aliyetambaa kwanza kwenda kuyagusa. Ndani ya gunia kulikuwa na gunia lingine, la ndani limepasuka, la nje limeshika, na mahindi yamejaa katikati.

Yale mahindi walikula wiki mbili na wakabakiza ya mbegu. Sikujua hadi leo ndege ile ilitoka wapi.

Mwana wa Islii

Ilitoka Islii, ndugu yangu. Lami ile ile iliyobeba mabomu ya kwenda kwa nyanya yangu, miaka sita tu kabla. Mikono yangu inatetemeka nikiandika.

Bibi yupo hai?

Mto Tana

Alituacha 2009. Gunia la nje lipo. Alilishona likawa mkeka wa kuanikia mpunga, lina viraka vingi lakini maandishi ya Kizungu bado yanaonekana upande mmoja. Nitalipiga picha kesho kukiwa na jua.